Hata Kingi Tatu Hutupwa

Birongo
kwa njia ya duka la Mogire, Keroka
9 Februari 1969

Mume wangu mdogo Ratemo,

Mimi sijafa. Na wewe kama unasoma hii basi hujafa, ingawa kwa jinsi ulivyonyamaza tulikuwa karibu kuwapikia watu chai ya matanga. Huku mvua imekataa. Maharagwe yamesimama shambani kama watu waliosahau walichotumwa. Baba yako mdogo Obadiah amefanywa mzee wa kanisa, na sasa anatembea polepole kama amebeba mayai kichwani. Hata kukohoa amejifunza upya. Ng'ombe wako wanakula vizuri, na yule mweusi mwenye paji jeupe ana mimba. Dada yako Nyanchama anakusalimu, ndiye anayekamua siku hizi.

Nakuandikia Kiswahili changu cha Kericho, nilichokichuma pamoja na majani ya chai ya Wazungu. Ekegusii ningekuchapa nacho vizuri zaidi, lakini Mogire hufungua barua za watu kwa mvuke wa birika, na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya sukari. Mogire, kama umefika hapa, funga bahasha na uipake gundi ya kutosha.

Sasa nisikilize. Persis, yule mama anayepeleka ndizi Nakuru, alikaa jikoni kwangu, akanywa uji wangu wa wimbi, akajipangusa mdomo, ndipo akasema: "Mama, Ratemo wako nimemwona. Siku ya Sabato, saa ya ibada, nyuma ya duka la fundi cherehani. Ameshika karata."

Karata! Sabato! Ungecheza hata Jumapili, siku ya Wakatoliki, Mungu angedhani ni wao. Nilikulea baada ya baba yenu na mama yenu kuzikwa, wewe na dada yako, nikawatolea usingizi wangu na meno yangu mawili ya mbele, ili uende Nakuru uwe karani. Sikukutuma ukakae na wahuni nyuma ya cherehani.

Na lililoniuma kuliko hayo yote: Persis anasema unashindwa. Mjukuu wa Gesare anashindwa! Kama ni dhambi, basi ifanye kama mtu mwenye akili. Niambie huo mchezo ukoje, nijue ninachokukataza.

Ni mimi, bibi yako, mwenye meno yaliyobaki,
Gesare

*

Nakuru
2 Machi 1969

Magokoro, bibi yangu,

Barua yako imefika. Kwenye bahasha kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya taa, kwa hiyo Mogire naye amenisalimu. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba chenye dirisha. Kazini bado naandika magunia ya mahindi, yanayoingia na yanayotoka, na bosi bado ananiita Johana ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba Johana alikuwa karani aliyenitangulia. Mwambie baba mdogo Obadiah hongera, na asianguke na hayo mayai.

Ni kweli nacheza. Lakini hatuchezi pesa, Magokoro, tunacheza vijiti vya kiberiti. Mchezo unaitwa poka. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha kifuani. Anayeona zake ni nzuri anaweka vijiti katikati. Anayetaka kuendelea naye lazima aweke. Halafu unaruhusiwa kubadilisha zile usizozitaka, mnaweka tena, na wanaobaki mwishoni wanafunua. Lakini mtu anaweza kuweka vijiti vingi na hana kitu, anakutisha tu ili ukimbie. Na wewe ukiona umezidiwa unatupa zako chini, unapoteza ulichokwisha kuweka, basi. Ndiyo maana karata zenyewe si kitu sana. Shughuli ni watu.

Kuna mtu anaitwa Cleophas, mweka stoo. Mnene, mpole, anakumaliza huku anakuuliza kama mama yako amepona. Huyo siwezi kumsoma. Na kasoro yangu kubwa ni kutupa. Nikishika karata nzuri siwezi kuziachia, hata roho ikiniambia nimekwisha. Naziangalia hivi, nzuri, zangu, halafu naangamia nazo.

Nikakukumbuka. Wewe ulikuwa esigani. Watu wakitaka kuozana wewe ndiye uliyetumwa katikati, ukakague boma la mwanamume kabla binti hajatolewa. Ulijuaje nani anadanganya?

Babake Mokeira, mchumba wangu, amesema mahindi yakishavunwa tupeleke ng'ombe. Mokeira mwenyewe ameniandikia. Aliyoandika sikwambii, Mogire anasoma.

Halafu jambo moja. Nyanchama anakamuaje ng'ombe wa Birongo, na mume wake Angwenyi yuko Nyaramba? Amepata mikono mirefu?

Mjukuu wako,
Ratemo

*

Birongo
6 Aprili 1969

Mume wangu mdogo,

Vijiti vya kiberiti! Sisi huku kijiti kimoja tunakipasua kwa wembe kiwashe mara mbili, na wewe unavirundika mezani kama kuni. Unanidanganya hata kabla hujajifunza kudanganya. Lakini kama ni kweli na siku moja ukashinda, vilete, jikoni vinahitajika.

Mvua imekuja, na imekuja na hasira, imebomoa choo cha Obadiah. Mzee wa kanisa sasa anakwenda migombani kama sisi wakosaji. Nyanchama amekuja kunisaidia palizi. Usiulize-ulize kama karani.

Haya, umeniuliza kazi yangu, nami sikatai kujisifu panapostahili. Hakuna boma kutoka hapa mpaka Nyaramba lililowahi kunidanganya.

Watu wanatazama uso. Uso una nini? Uso kila mtu anao, anauvaa kama shati la kanisani. Uongo haukai usoni, unakaa kwenye haraka. Nilitumwa boma moja zamani, jina silitaji, wajukuu zao wanasoma na wa Persis. Sijaketi, baba mtu amenishika mkono ananipeleka zizini. "Tazama, mama! Tazama huyu! Na huyu!" Zizi limejaa. Anawaita kila mmoja kwa jina, sauti mpaka mtoni. Nikawatazama ng'ombe, yeye nikamwacha aimbe. Walikuwa wanasukumana pembe, watatu kona hii, wanne kona ile. Ng'ombe waliolala zizi moja hawasukumani hivyo. Walikuwa wa kuazima! Wamekusanywa asubuhi kwa majirani ili mimi nione. Nikasema nimeshiba, na uji wao sikuuonja, nikarudi nikamwambia babake msichana: pale kuna kelele tu.

Boma la pili mzee alinikalisha nimeligeuzia zizi mgongo. Akanung'unika kutwa. Ng'ombe wamekonda, kupe wamewamaliza, yeye ni maskini, mvua huko kwenu ikoje mama? Nilipoondoka nikapita nyuma ya nyumba kujisaidia, nikaona zizi. Ratemo, walikuwa wengi mpaka mmoja amesimama juu ya kinyesi cha mwenzake kwa kukosa nafasi.

Basi shika hilo. Asiye nacho hujitanua. Mwenye nacho hujikunyata. Anayepiga kelele mwache apige, atachoka. Lakini yule anayenyamaza, anakataa uji wako, kisha anakuuliza habari za mvua, huyo funga mlango.

Na karata ni dhambi bado. Nakufundisha tu usije ukaniaibisha.

Gesare

*

Nakuru
4 Mei 1969

Magokoro,

Pole kwa choo. Mimi nilikuwa na homa wiki nzima, nimepona. Bosi amegundua mimi si Johana. Sasa ananiita Ratimo, ni maendeleo.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana huku hakuna wa kumweleza atakayeelewa isipokuwa wewe. Nilipewa kingi tatu. Magokoro, kingi tatu ni kama mtu kuwa na ng'ombe wa maziwa, shamba karibu na barabara na mke asiyeongea. Wengine wakatupa, tukabaki mimi na Cleophas. Mimi nikabadilisha mbili, sikupata kitu, lakini kingi zangu ninazo. Yeye akabadilisha moja tu. Akaitazama. Hakutabasamu, hakukohoa, hakujigeuza. Akasukuma vijiti vyote vilivyokuwa mbele yake, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Halafu akasema, "Ratemo, huko kwenu Kisii kumenyesha?"

Nilikusikia kabisa ukisema: funga mlango. Lakini nilikuwa na kingi tatu! Fundi cherehani nyuma yangu anahema, ameziona. Nikakaa. Cleophas akanisubiri bila kunitazama, anakwangua kucha. Nikazitupa. Fundi alipiga yowe kama mtu aliyeibiwa.

Nikamwomba Cleophas anionyeshe zake. Akazichanganya na nyingine, akasema, "Ya kuona yanalipiwa, kijana." Kwa hiyo mpaka leo sijui. Labda alikuwa nazo. Labda alikuwa na takataka, na usiku huo alicheka na mke wake mpaka kitanda kikavunjika. Lakini nilitoka pale na viatu vyangu miguuni, na siyo mara zote nimetoka navyo. Ndiyo, Magokoro, si vijiti tu. Umeshajua, usianze.

Sasa zamu yangu. Persis alipita hapa na ndizi. Nikamuuliza palizi ya kwetu inaendeleaje. Akatazama chini, akapanga ndizi zilizokuwa zimeshapangwa. Nikamwambia, Persis, sema. Akasema mkono wa Nyanchama umefungwa kwa vibao na vitambaa. Palizi gani hiyo ya mkono uliofungwa? Na siku ulipoandika kwamba anakamua, alikuwa anakamua kwa mdomo?

Wewe unayesema uongo unakaa kwenye haraka: tazama jinsi ulivyomtaja dada yangu mstari mmoja ukakimbilia choo cha Obadiah.

Niambie.

Ratemo

*

Birongo
15 Juni 1969

Ratemo,

Tu wazima. Salamu zimekwisha.

Persis ana mdomo kama kinu cha posho, kila kitu kinatoka unga. Haya. Alipokuja Januari alikuja na alama za fimbo mgongoni tu, nikasema ni ugomvi wa nyumba, atapoa, atarudi. Nikamwacha anakamua. Machi nikamrudisha mwenyewe Nyaramba, kwa miguu yangu hii, nikamkabidhi kwa Angwenyi, na Angwenyi akaniinamia kama shemasi. Siku chache tu akamvunja mkono kwa mchi wa kinu. Kosa lake eti chinsaga ilikuwa chungu. Mboga ambayo uchungu ndio utamu wake! Alitembea kutoka Nyaramba mpaka hapa mkono umefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Usiku halali. Nikiamka namkuta ameketi.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja ukampiga yule mbwa, ukafungwa, nikabaki na wajukuu wawili waliovunjika. Na kuna lingine, unalijua, ila nalisema ili lisikae katikati yetu likinuka. Dada huolewa ili kaka aoe. Ng'ombe walioingia hapa kwa ajili ya Nyanchama ndio wanaokungoja wewe. Ndio wanaokwenda kwa babake Mokeira. Nyanchama akimwacha mume, ng'ombe wanarudi walikotoka, na wewe huna kitu cha kumpelekea mtu. Obadiah hana, mimi sina.

Sasa Nyamweya, babake Angwenyi, alikuja. Wanaume wakakaa ndani, mimi mlangoni na maharagwe yangu napukuchua, maana mambo ya ng'ombe mwanamke hasemi, husikiliza tu kwa bahati mbaya. Nyamweya hakunywa uji. Akaanza kuuliza mvua, mbolea, afya ya Obadiah. Obadiah akajibu yote kwa mifano ya Biblia. Mwishoni Nyamweya akasema, polepole, utadhani anaomba chumvi: "Sisi hatutaki ugomvi. Mwanamke au ng'ombe. Kimoja."

Obadiah akasema, "Mzee, tuombe kwanza."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Na mkono je? Mkono aliouvunja mwanao mtaurudishaje?"

Nyamweya akanigeukia kwa adabu. "Mama Obadiah, hayo watasema wazee. Wakae lini? Mimi naona Agosti, watu wakiwa na nafasi." Akachukua kofia akaondoka.

Mjukuu wangu, nilicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Mtu yule ameisha! Alikaa pale kama kuku aliyenyeshewa. Hakupiga meza, hakutaja serikali, hakuweza hata kumeza uji kwa hofu. Anajua mwanawe amekosa. Wazee wakikaa kule Nyaramba nitawaonyesha mkono wa Nyanchama, nitawaletea mama aliyemwona njiani, na nitasimama mimi mwenyewe wakiniruhusu na wasiponiruhusu. Mungu hakumpa mtoto kwa Angwenyi, kwa hiyo hilo halitusumbui. Mke hatarudi na ng'ombe hawatoki, hata mkia.

Obadiah ananitisha kwamba wazee wakiona Nyanchama hana sababu ya kutosha, na ng'ombe hatujawatoa, watamrudisha kwa mumewe siku hiyo hiyo, pale pale. Obadiah huogopa hata kivuli cha mnara wa kanisa.

Wewe mwambie Mokeira asuke vikapu vyake. Ng'ombe wako wapo.

Gesare

*

Nakuru
29 Juni 1969

Magokoro,

Mimi ni mzima. Nimesoma barua yako kwenye mlango wa posta, nimesoma kazini, nimesoma tena usiku.

Tupa.

Nisamehe kwa kukuambia hivyo, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini soma ulichoandika. Alikataa uji. Aliuliza mvua. Alisema polepole. Angekuwa mtu mwingine ungefunga mlango na kuweka kinu nyuma yake. Kwa sababu ni Nyamweya, na kwa sababu unataka kumshinda, umeona kuku.

Na Agosti aliitaja nani? Yeye. Mtu anayetisha huharakisha, anataka uamue kabla hujafikiri. Huyu amesema tungoje. Kufikia Agosti mkono utakuwa umepona. Wazee watamwona msichana mwenye mikono miwili na mume aliyeoga. Sijui ameshika nini kingine, hata wewe hujui. Lakini mimi nikishindwa karata Jumamosi, Jumamosi nyingine zipo. Nyanchama akishindwa, anarudi na Angwenyi siku hiyo hiyo, na safari nyingine atavunjwa kichwa.

Najua wewe una haki. Ndilo tatizo. Ungekuwa huna kitu ungetupa bila kuambiwa.

Wape ng'ombe. Wote, na yule mweusi na ndama wake kama amezaa. Baba mdogo Obadiah atasema ni wangu, mwambie mwenyewe amesema.

Ya Mokeira niachie. Usinitajie na usiniulize.

Ratemo

*

Birongo
24 Agosti 1969

Mume wangu mdogo, mkaidi, mtoto wa mkaidi,

Tu wazima sote, hata mimi, ingawa ulijitahidi kuniua kwa barua. Mahindi yamekuwa mazuri. Choo cha Obadiah kimesimama tena, na amekiwekea kufuli, sijui anaibiwa nini humo.

Umengoja jibu ukalikosa. Nilikunyima makusudi. Barua yako niliitupa motoni, kisha nikaitoa kwa koleo, ndiyo maana najua imeungua tu upande wa salamu. Mtoto niliyempangusa makamasi ananifundisha kumsoma Nyamweya! Nilikamua mwenyewe. Nilimtukana Persis bila sababu, akanizoea. Nikasema nitakwenda kwa wazee na nitamvua Nyamweya nguo mbele ya watu.

Obadiah akaja na Biblia. "Mama, imeandikwa mke amtii mumewe. Tumrudishe Nyanchama kwa amani." Nikamwambia humo imeandikwa pia kwamba punda alisema, na alisema la maana kuliko wewe. Akaenda kulia kwa mchungaji.

Siku ikafika. Tukaenda Nyaramba, mimi, Obadiah, Nyanchama. Wazee wamekaa. Angwenyi amevaa koti, amenyoa, ananukia sabuni ya mgeni. Ananiamkia mimi kwa mikono miwili! Na nyuma ya Nyamweya wamekaa watu wawili nisiowajua, wameweka kofia magotini, hawasemi.

Mzee mmoja akamwambia Nyanchama, "Mwanangu, inua mkono tuone." Akauinua. Umenyooka kama wa malaika. Yule mganga wa mifupa mjinga aliuunga vizuri mno. Wanaume wakaguna ile "mm" yao, unaijua, ile ya kusema mbona hakuna kitu. Mama wangu aliyemwona njiani hakuja, eti ana msiba.

Bado nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimepanga maneno ambayo yangemtoa jasho chifu. Nikamtazama Nyamweya nianze. Na yeye akanigeukia, kwa upole, akasema, "Mama Obadiah, huko Birongo mvua iliwafaa?"

Nikawatazama wale wawili na kofia zao. Nikamtazama Nyanchama. Alikuwa amesahau kuushusha mkono, bado ameuinua, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa.

Nikasimama. "Chukueni ng'ombe."

Obadiah akanivuta shuka. "Mama! Keti!"

"Keti wewe, ndiyo kazi unayoijua. Wazee, nasema chukueni ng'ombe. Leo, wote, na ndama. Binti huyu simpeleki popote isipokuwa kwangu."

"Mwanamke haongei hapa," mmoja akasema.

"Sijaongea," nikamwambia. "Nimelipa."

Wakatazamana. Hawakuwa na la kuamua tena. Ng'ombe walitoka hapa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, na vijana wa Nyamweya wakiwafukuza. Yule mweusi aligeuka mara mbili. Nikamwambia nenda huko, usinitazame mimi.

Nyamweya alikuwa amebaki nyuma na fimbo yake. Nikamfuata mpaka barabarani, sikuweza kujizuia. "Wale watu wawili walikuwa waseme nini?"

Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akafuta macho. "Mama Obadiah, ng'ombe wako mbele. Ya nini tena?"

"Niambie tu. Ulikuwa na kitu au hukuwa nacho?"

Akacheka, yule mzee mbaya. Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akaenda zake. Persis ameniulizia Nyaramba yote. Mwingine anasema walikuwa mashahidi wa kusema Nyanchama ni mchawi, mwingine anasema walikuwa wanunuzi wa pareto waliokaa kupumzisha miguu. Nakunywa uji naliwaza. Napalilia naliwaza. Wewe uliyetupa kingi zako, mtu hulalaje? Nieleze, na usiniambie nisali, nimeshasali, Mungu naye hataki kunionyesha.

Sasa lile ulilonikataza. Nalitaja kwa sababu mimi ni bibi yako, si karani mwenzako. Nilikwenda kwa babake Mokeira, peke yangu, nikamwambia ukweli: zizi ni tupu, nipe mwaka. Mzee yule hakunitukana. Alinipa kiti kizuri. Akasema binti zake wengine wanakua na mwaka ni mrefu, na kuna mtu wa Keroka mwenye lori amekwisha kufunga ng'ombe wake nyuma ya nyumba. Niliwaona. Wamelala pamoja, hawasukumani. Mokeira alinisindikiza mpaka kwenye kijito, akanishika mkono tukivuka. Ni msichana mzuri. Ungeangamia naye vizuri.

Sikupi pole. Pole haikamuliwi. Ng'ombe ulikuwa nao mkononi, ukijua ni wazuri, ukijua ni wako, ukawaachia kabla mimi mzee sijaweza. Sitarudia kulisema hilo, kwa hiyo ihifadhi barua hii. Na bado karata ni dhambi, na Sabato ni Sabato.

Nilitaka pia kukuandikia habari za pareto na za mtoto wa Persis, lakini jikoni kuna kelele. Persis yuko huko na Nyanchama wanamenya ndizi. Nyanchama anamwigiza Obadiah alivyonivuta shuka mbele ya wazee, namsikia, "Mama! Keti! Mama! Keti!", sauti ile ile ya mzee wa kanisa. Na sasa anacheka. Ratemo, anacheka yule msichana, kwa sauti, mpaka anakohoa, na Persis anampiga mgongo.

Naweka kalamu. Wakihamia kunicheka mimi nitawafukuza wote wawili na mwiko. Lakini kwanza nitasimama nje ya mlango kidogo.

Gesare